Trela Nyuma ya Nyumba ya Mama Elma

Ardis Niemela alikuwa na miaka hamsini na saba mama yake, Elma, alipofariki, na wiki mbili baada ya mazishi akajua kwamba hana kwao.

Wakili alisoma wosia palepale jikoni, Ardis akiwamiminia kahawa. Nyumba, na ardhi yote mpaka kwenye kijito, vimekwenda kwa Garth, mdogo wake. Ardis ameachiwa cherehani na vitambaa vyote vya kushonea mablanketi. Wakili alipofika kwenye "vitambaa vyote" alikohoa kidogo, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ardis aliendelea kumimina mpaka kahawa ikafurika kwenye kisahani, ikatiririka hadi kitambaa cha meza. Hakuna aliyemwambia inatosha.

Alikuwa amemuuguza Mama Elma miaka kumi na mmoja. Mumewe, Roy, aliangukiwa na mti msituni akikata magogo, na tangu hapo Ardis akarudi kwa mama. Alikuwa mpishi wa shule ya Tamarack Creek, huko kaskazini kabisa mwa Michigan, ambako theluji hutoka ziwani kama mtu aliyetumwa. Alfajiri anakwenda kuwapikia watoto mia mbili, alasiri anarudi kumwogesha mama, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko. Mama Elma hakuwa mtu wa asante. Wageni wakija alimnyooshea kidole: "Huyu alirudi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtaka." Wageni walicheka. Ardis naye alicheka, maana katika nyumba ile asiyejicheka ndiye aliyechekwa zaidi.

Garth alikuwa akiishi mbali, kwenye mji mkubwa upande wa Wisconsin, na alionekana Krismasi tu, na paja la nguruwe la kuoka mkononi. Mwezi wa Agosti akahamia na mkewe, Tammi. Siku ya tatu Tammi akasimama kwenye mlango wa chumba cha Ardis na futi ya kupimia, akapima ukuta, akaandika kwenye kiganja chake, akaondoka bila neno.

Jioni hiyo Garth alimfuata Ardis uani, mikono mfukoni.

"Dada, kuna lile trela la baba. Ni la muda tu. Mpaka ujipange."

"Garth, baridi inakuja."

"Baba alilala humo kila msimu wa kuwinda."

"Siku nne kwa mwaka. Na chupa ya wiski."

"Basi na wewe, wifi, tafuta wiski," Tammi akasema kutoka dirishani, akacheka peke yake.

Lilikuwa trela la kukunjua, la kuvutwa na gari. Likifungwa ni sanduku bapa. Ukizungusha mpini wa chuma paa linapanda juu ya nguzo nne nyembamba, vitanda viwili vinachomoza mbele na nyuma, na kuta zake ni turubai tupu. Kiangazi ukiwa ndani unasikia ndege wanavyokanyaga juu. Wakati wa baridi unasikia zaidi ya hapo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakupanga chumba. Nyumba nyingi za pale zilikuwa zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja kiangazi tu, na zilizobaki walikodishwa wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Ofisi ya nyumba za wilaya ilimwandika kwenye orodha, akawa wa arobaini na moja. Na Bev Cadotte, muuzaji wa duka la vifaa, mwenye mdomo mchafu na roho safi, alimpa sofa ya chumba cha chini ya nyumba yake, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Ardis alikataa.

"Nina kwetu mimi, Bev."

"Una kwenu? Mwanamke, una turubai! Januari watakuokota kama samaki wa barafuni, macho yamekutoka, meno nje."

"Wewe nipe yale mashuka ya kuzuia baridi, yenye mapovu, yale yanayong'aa pande zote mbili."

"Marefu kiasi gani?"

"Ya kufunika turubai lote kwa ndani."

Bev alimtazama, akalamba kidole, akaanza kukunjua. "Sikiliza basi, kichwa maji. Baridi haikuingilii juu tu. Inakutokea chini ya godoro. Weka mbao za povu gumu chini ya godoro kwanza. Kitanda kimoja kifunge kabisa, usilale na nafasi usiyoihitaji. Halafu acha upenyo juu."

"Upenyo? Si ndio baridi itaingia?"

"Pumzi yako inakuwa maji, maji yanakuwa barafu. Usipoacha upenyo utaamka blanketi imegandana na ukuta. Na ukiwasha gesi, king'ora cha hewa ya sumu kiwe karibu na kichwa. Ukikizima kwa sababu kinakukera, usinialike mazikoni."

Ardis alifanya yote. Alizungushia trela marobota ya nyasi kavu kuanzia chini hadi kwenye sakafu, upepo usipite mvunguni. Alibana mashuka ya kung'aa kwenye turubai kwa vibanio vya nguo. Kitanda cha nyuma alikikunja na kukiziba. Kisha akakaa na cherehani, akavishona vitambaa vya mama kuwa mapazia mazito ya tabaka tatu, akayazungusha kwenye kitanda kilichobaki kama chandarua. Usiku alilala na chupa ya maji ya moto miguuni na nguo za kesho tumboni, ili asubuhi asivae barafu. Wiki ya kwanza ya Novemba alikosea mara moja, akaziba upenyo, na kweli aliamka nywele zimegandana na ukuta. Alizikata kwa mkasi wa kushonea, akaenda kazini na pengo kisogoni.

Baada ya hapo akajua. Palikuwa na raha ndogo humo ambayo hakuitegemea. Joto la mtu mmoja, likifungwa vizuri, linatosha kumfanya mtu yule yule asife. Alipika supu ya maini kwenye jiko la gesi, plastiki ya dirisha ikatoa jasho, akajisikia kama mtu mwenye mji wake.

Raha hiyo ndiyo iliyomponza. Siku ya Shukrani, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, Garth alikuwa na wageni kumi na wawili, naye Ardis hakuwa mmoja wao. Baada ya bata mzinga aliwaleta uani wote, vijiti vya kuchokolea meno midomoni, akafungua zipu ya mlango bila kubisha.

"Njooni mwone dada yangu anavyoishi kama malkia! Uguseni ukuta. Joto, eeh? Na mimi nahangaika na bili ya nyumba nzima!"

Wakachungulia mmoja mmoja. Kaka yake Tammi akauliza choo kiko wapi.

"Anatumia chetu," Tammi akasema. "Ana saa zake. Nimezibandika kwenye jokofu."

Ilikuwa kweli. Kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, na kumi na mbili hadi saa moja jioni. Ardis, aliyemfuta mama yake katika choo kile kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa na saa zake. Alikaa kitandani na bakuli la supu mapajani huku watu wazima wakimtazama kama kuku wa maonyesho, akasema, "Karibuni." Baadaye neno hilo lilimchoma kuliko yote waliyosema wao. Nani alimtuma awakaribishe?

Tanuri dogo la gesi la trela lilikuwa na feni, na feni ilikula betri. Kwa hiyo Ardis alivuta waya kutoka kwenye soketi ya nje, kwenye baraza, kuichaji betri na kuendesha hita ndogo. Garth alikubali. Mwezi wa Desemba, asubuhi moja ya baridi ya kupasua mawe, aliamka akiona pumzi yake imesimama hewani. Hita imezima. Feni imezima. Mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akavaa, akafuata waya juu ya theluji, akaukuta umechomolewa. Kwenye soketi palichomekwa waya mwingine, na mwisho wake palikuwa na mtu wa theluji wa plastiki, mrefu kuliko paa la baraza, amejazwa upepo na mashine yake, anatabasamu na kuyumba.

Aligonga mlango. Saa yake ilikuwa bado.

"Tammi, umechomoa waya wangu."

"Soketi ni moja, wifi. Na ni Krismasi."

"Ningekufa."

"Si ungegonga? Mbona umegonga sasa?" Tammi alikuwa na kikombe cha kahawa na kipande cha mkate wa iliki, ule wa Mama Elma, ambao Ardis ndiye aliyeuoka. "Nitakuachia soketi mchana. Mchana huyu mtu wa theluji hapendezi hata hivyo."

Kuanzia hapo alipewa umeme mchana, akiwa kazini. Jioni ulikuwa wa mtu wa plastiki. Ardis alimwambia Garth. Garth akakuna shingo, akasema wanawake wamalizane wenyewe. Ardis alinunua betri ya pili, akaichaji jikoni shuleni, akaivuta kila alasiri kwa kibao cha watoto cha kutelezea kwenye theluji. Watoto walidhani ni mchezo, wakamshangilia.

Kitu kimoja trela la namna ile haliwezi ni uzito. Paa lake linakaa juu ya nguzo nyembamba, na theluji ya ziwani ikilundikana lazima ifagiliwe. Ardis alifagia kabla ya kazi, baada ya kazi, na kabla ya kulala, akaacha ufagio mrefu umeegemezwa mlangoni.

Katikati ya Januari theluji ilianza saa nne asubuhi, akiwa shuleni. Saa saba barabara zikafungwa. Walimu, wapishi na watoto wa vijiji vya mbali wakaambiwa watabaki palepale mpaka greda za kusafisha theluji zipite. Ardis aliwapikia makaroni, na kabla hajaosha masufuria alimpigia Garth simu.

"Garth, nifagilie paa. Kila baada ya saa mbili tu. Ufagio uko mlangoni."

"Nimekusikia, dada."

"Tafadhali."

"Nimesema nimekusikia."

Alirudi kesho yake adhuhuri. Uani aliona kilima cheupe chenye ncha. Ncha ile ilikuwa nguzo moja iliyotoboa turubai. Paa lilikuwa limekaa juu ya kitanda chake, na upande mmoja wa mashuka ya kung'aa ulichomoza nje na kupepea. Ufagio ulikuwa palepale alipouacha, umefunikwa mpaka shingoni.

Alichimba kwa koleo saa mbili nzima. Alitoa cherehani, gurudumu lake limepinda. Alitoa viatu. Mapazia aliyoyashona yalikuwa yameganda, yakakataa kukunjika.

Kisha akaingia ndani ya nyumba, na haikuwa saa yake, akaketi kwenye meza ya jikoni na koti lake lote.

"Ulinisikia nilipopiga simu," alimwambia Garth.

"Nilikusikia."

"Basi?"

"Dada, ile theluji ilikuwa nyingi. Ningevunjika mgongo."

"Ungekuwa ndani ungekufa," Tammi akasema. "Mshukuru Mungu, wifi."

"Leo nalala wapi?"

Garth alimtazama mkewe. Tammi alilitazama jokofu, ile karatasi ya saa, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa pale.

Ardis alikwenda kwa Bev. Bev hakusema "nilikuambia." Alimvua buti, akamwekea miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akamtukana Garth kwa majina ya wanyama wote wa msituni na wawili wa majini. Siku mbili baadaye ndipo Bev aliposhuka ngazi na simu mkononi, uso umemlegea.

"Sijui kama nikuonyeshe."

"Nionyeshe."

Tammi alikuwa ameirekodi kutoka dirisha la jikoni na kuiweka mtandaoni mwenyewe. Trela lilionekana katikati ya theluji, paa limeanza kubonyea. Sauti zilikuwa zao.

"Kushoto kutatangulia," Garth alisema.

"Kulia. Tushindanie nini?"

"Atakayeshindwa anaosha vyombo."

Theluji. Mtu akinywa kitu. Paa likalia, nguzo ya kulia ikajikunja, na turubai likapasuka kwa mlio kama wa shuka jipya likichanwa. "Kwaheri, hoteli!" Tammi akapiga kelele, Garth akacheka mpaka akakohoa. Kipande kile kilikuwa cha dakika tisa. Ardis alikitazama chote. Alichokitazama hasa ni ufagio, uliokuwa ukionekana kuanzia mwanzo hadi mwisho, hatua ishirini kutoka kwenye mlango wa jikoni.

"Zima sasa," Bev akasema.

"Bado."

Alisogeza kidole chini mpaka kwenye majina ya walioweka alama ya kucheka. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Mhudumu wa posta. Mke wa mchungaji. Vijana aliowapikia tangu hawajaota meno ya mbele, sasa wana ndevu na malori. Mmoja aliandika, "Si ndiye yule mama wa supu?" akaweka nyuso tatu za kucheka. Ardis alimkumbuka. Alikuwa mtoto aliyekuja shuleni na njaa, naye alikuwa akimwongezea bakuli la pili bila kuulizwa.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida, akapika supu. Wengine walitazama chini, wengine wakamwambia pole, wakidhani hakuona majina yao.

Mwezi wa Aprili Garth alimpelekea barua, barua ya posta, kutoka maili mbili. Trela ni uchafu machoni, aliondoe kabla ya mwisho wa mwezi. Bev alitaka kwenda kumrudishia barua hiyo kwa namna ambayo ingemlazimu kumwona daktari. Ardis akamkataza. Aliazima msumeno na gari la mizigo, akaenda mwenyewe, siku tatu mfululizo baada ya kazi. Theluji ilikuwa inayeyuka, uani ni tope. Alikata turubai vipande vipande, akafungua nguzo, akang'oa tanuri. Mapazia yalikuwa yameota ukungu, rangi zote za vitambaa vya mama zimekuwa kijivu.

Siku ya tatu Garth alitoka. Alisimama mbali kidogo, buti za mpira miguuni, akatazama.

"Nikusaidie?"

"Hapana."

Hakuondoka. Akachezea tope kwa ncha ya buti. "Halikuwa wazo langu, ujue. Ni mama."

Ardis aliweka msumeno chini. "Mama nini?"

"Alinipigia simu, wiki chache kabla hajafa. Wewe ulikuwa shuleni. Alisema nisikufukuze. Alisema, 'Ukimfukuza watu watamwonea huruma na atarudi. Mweke uani. Baridi itamfukuza yenyewe.'"

"Unatunga."

"Alisema wewe hujui kuondoka mahali. Alisema akikuachia nyumba utazeeka ukiosha vikombe vyake hata akiwa kaburini."

Ardis alitaka kusema ni uongo, akashindwa. Maneno hayo hayakuwa ya Garth. Garth hakuwa na akili ya kuyatunga. Aliisikia sauti yenyewe, kavu, imetoka kwenye mto ule aliougeuza kila asubuhi. Alijaribu kuona kama ndani yake mlikuwa na upendo wowote, hata wa namna ile ya kumsukuma mtu majini ili ajue kuogelea. Labda ulikuwemo. Labda mama alichoka tu kutazamwa na mtu mwenye huruma. Angemuuliza nani?

"Na kucheka?" akamwuliza Garth. "Mama alikuambia pia ucheke?"

Garth aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti alifanana na mtoto aliyekuwa akikojoa kitandani na kumwomba dada yake afiche shuka. Ardis alilificha kila mara. Sasa alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaona aibu inamtambaa shingoni, akaiacha itambae. Hakumwondolea. Ilimpendeza, na hakujilaumu kwa kupendezwa.

"Shika upande ule," akamwambia mwishowe, maana sakafu ya trela ilikuwa nzito.

Wakaipandisha kwenye gari. Tammi alikuwa dirishani. Ardis alifunga kamba, akaendesha mpaka jalala la wilaya, akaitupa.

Zamu yake kwenye orodha ya nyumba ilifika mwezi wa Septemba. Ni chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi, kinatazama maegesho. Bado anapika shuleni. Yule kijana aliyemwita mama wa supu siku hizi ana mtoto darasa la kwanza, na mtoto huyo anapewa bakuli moja kama wenzake. Akiomba la pili, Ardis anamwambia asubiri wote wapate kwanza, halafu mara nyingine supu inakuwa imekwisha. Analijua hilo na halimpendezi, lakini hajaacha.

Yeye na Garth wanakutana dukani, kwenye rafu ya maziwa. Wanasalimiana. Garth anamwambia theluji mwaka huu inaonekana itawahi, naye Ardis anasema ndiyo, inaonekana itawahi, kila mtu anasukuma toroli lake.